Ua Lililosusa Miaka Saba

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, kabla nywele zangu hazijaanza kunikimbia, palikuwa na ua mjini Tabora lililosusa kuchanua miaka saba. Yote nitakayowaambia niliyaona mwenyewe kwa macho yangu haya mawili, tangu mwanzo mpaka mwisho, kwa sababu kibanda changu cha kutengenezea baiskeli kilitazamana na nyumba yenyewe, na mlango wao wa uani ulikuwa haufungiki vizuri. Mwenye kubisha aseme yeye siku hizo alikuwa wapi. Mmenyamaza? Haya.

Nyumba ilikuwa ya Bi Zamoyoni, mjane wa mzee wa reli. Mzee yule, siku aliyostaafu, alirudi kutoka Dar es Salaam na ua ndani ya kopo la maziwa. Alilipakata ndani ya garimoshi, njia nzima, kama mtoto mwenye homa. Si ua la kupanda kwenye uzio lile. Ni la ndani, la dirishani. Majani yake manene, yanateleza kama sikio la mtoto mchanga, na ukilivunja jani linatoa maji. Jina lake la kitabuni sijui. Mimi niliishia darasa la tano, na maua nadhani yalikuwa ya darasa la sita.

Basi lile ua lilifika limechanua. Maua madogo madogo, mekundu, yamesongamana kama watu kwenye maulidi. Yalikaa mwezi na nusu, yakanyauka. Mwaka uleule mzee naye akaondoka, Mungu amrehemu. Na tangu siku ile ua likanuna. Majani linatoa, ua halitoi. Mwaka wa kwanza, hakuna. Mwaka wa pili, hakuna. Mpaka wa saba, hakuna.

Bi Zamoyoni alikifunga chumba cha mbele alicholala mzee, ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga. Chumba chenyewe kilikuwa na madirisha mawili, sakafu ya saruji, bati lisilo na hata tundu la sindano. Kizuri kuliko vyote vya nyumba ile. Na humo hamlali mtu.

Sasa, Bi Zamoyoni alikuwa na wana watatu, na wana wale walikuwa na wake watatu, na wake wale kila mmoja alikuwa na haja na chumba kile.

Mkubwa, Nyamizi, alikuwa na watoto sita kwenye chumba kimoja, wanalala wamepangwa kama dagaa kwenye fungu.

Wa mwisho, Siwema, alikuwa ameolewa juzi. Chumba chake kilipakana na jiko, na moshi wote wa nyumba ulikuwa mgeni wake. Baba yake Siwema alikuwa mtunza bustani pale stesheni, lakini mwanawe hakurithi hata jembe. Yeye alikuwa wa kukaanga kuku na mihogo, jioni anawauzia abiria.

Na wa kati, Mwanne. Huyu ndiye tutakayemfuata, kwa sababu ndiye aliyekuwa na haraka. Mume wake, Mrisho, alifanya kazi miaka kumi kwenye kiwanda cha mbao, na vumbi la mbao likamwingia kifuani likakataa kutoka. Chumba chao kilikuwa cha nyuma kabisa, ukuta wake mvua ikinyesha unalia machozi. Kila mvua zikianza, Mrisho anaanza: anavuta pumzi kama anakokota gunia. Mvua zilizopita nilimpeleka hospitali mimi mwenyewe, kwa baiskeli yangu, na Mwanne anakimbia pembeni kamshika mgongo. Daktari akamwambia Mwanne maneno machache tu: "Mama, mtoe huyu kwenye unyevu. Mvua mbili tatu zaidi humo ndani, usije ukanilaumu."

Mwanne akaenda kwa mama mkwe wake, akapiga magoti. Nyamizi aliposikia, naye akaenda. Siwema aliposikia, naye akaenda. Bi Zamoyoni akawatazama wakamwana wake watatu wamejipanga mkekani, akashika kichwa.

"Nikimpa huyu, yule ataninunia. Nikimpa yule, huyu atasema simpendi mwanangu mwenyewe. Wote wanangu, wote mnalia, na mimi machozi siyajui yapi mazito. Basi mimi sichagui. Ua la baba yenu litachagua. Atakayelifanya lichanue kama lilivyokuja, ufunguo huu ni wake. Na naapa kwa kaburi la mume wangu, sitageuka."

Kiapo kikatoka, kikaganda. Mwenyewe nadhani alijuta palepale, lakini kaburi la mume halichezewi.

Zamu ikaanza kwa mkubwa. Ndivyo nyumba ile ilivyokuwa: mkubwa kwanza, na mkubwa akiwa zamu, mdogo hatii mkono.

Nyamizi alikuwa mcha Mungu, wa kweli, si wa kanzu ya Ijumaa. Akajiambia: ua hili halikosi mbolea, linakosa baraka. Na baraka ziko wapi? Ziko kwenye maji ya udhu. Maji yanayobaki kwenye kopo la kutawadhia, aliyaona ni dhambi kuyamwaga chooni. Basi alfajiri akachota, akatawadha, akabakiza, akalimwagia. Adhuhuri akachota, akatawadha, akabakiza, akalimwagia. Alasiri, magharibi, isha: akachota, akatawadha, akabakiza, akalimwagia. Mara tano kwa siku ua likanywa kuliko punda wa muuza maji. Siku zake za mwezi ambazo hakuswali, ndizo siku pekee ua lilipopumua.

Mwezi wa pili majani yakaanza kuwa manjano.

"Kiu hiyo," akasema Nyamizi. Akaongeza swala za sunna, na maji yake.

Mwanne alikuwa akipita pale dirishani, anatazama, kichwa kinamzunguka. Kitu kinachoogelea kitakuwaje na kiu? Akataka kusema. Akafungua mdomo. Akakumbuka zamu ya mkubwa, akafunga mdomo. Kesho yake akaufungua tena, akaufunga tena. Mdomo ule ulifunguka na kufungika miezi mitatu, na hilo likumbukeni, lina kazi yake mbele.

Siku moja Bi Zamoyoni akanyanyua kopo lake la maziwa kulifutia vumbi. Ua likainama. Akalishika shina, vidole vikazama kama kwenye ndizi iliyopitiliza. Likang'oka lenyewe, bila mizizi, na harufu ikatoka.

Bi Zamoyoni alikaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha, kama wanavyokaa watu msibani.

"Mume wangu amekufa mara ya pili," akasema.

Nyamizi akaangua kilio. "Mama, nililipa baraka, Mama! Wallahi maji yalikuwa safi!"

Siwema, mdomo wake ule usio na mlango, akasema, "Baraka imezidi kipimo, dada Nyamizi. Umelizamisha."

Mwanne alichukua kisu cha jikoni, akakipitisha motoni, akalishika lile ua bovu, akaanza kupapasa kutoka chini kwenda juu. Laini. Laini. Laini bado. Karibu na ncha, kipande cha urefu wa kidole cha shahada, pakawa pagumu. Akakata hapo.

"Lipande upesi, ulimwagie!" akapiga kelele Nyamizi.

"Hapana, dada. Kidonda kikauke kwanza."

"Kidonda cha ua?"

"Bibi yangu kule Urambo miti ya mihogo akiikata hakuipanda siku ileile. Aliilaza kivulini mpaka ifunge jeraha. Alikuwa akisema, ukizika jeraha bichi, umezika maiti."

Akakiweka kile kipande juu ya sahani, dirishani, bila udongo, bila maji. Siku ya kwanza. Siku ya pili. Siku ya tatu Siwema akapita, akachungulia sahani.

"Dada Mwanne, hii kachumbari tutaila na nini?"

"Cheka tu, mdogo wangu."

"Sicheki. Nauliza nilete ndimu?"

Siku ya sita Mwanne akachukua sufuria kuukuu lililotoboka, akaweka vigae chini, akachanganya mchanga wa mtoni na makaa yaliyopondwa na udongo kidogo, akakichomeka kipande. Maji akampa kijiko kimoja. Nasema "akampa," kwa sababu Mwanne alikuwa akizungumza na ua lile kama na mtu. Kila siku ya kumi akatia kidole mpaka kifundo. Kikitoka kikavu, kijiko kimoja. Kikitoka na unyevu, hakuna. Alfajiri akalitoa uani, jua la asubuhi. Jua likizama akaliingiza chumbani kwake, akaliweka chini ya taa ili alitazame vizuri. Kidole, kijiko, jua, taa. Kidole, kijiko, jua, taa. Mwaka ukageuka.

Likashika! Kidole kimoja kikazaa matawi tisa. Majani manene, yanang'aa, ukilitazama unataka kuliamkia. Bi Zamoyoni akaanza kula tena vizuri. Hata Nyamizi, aliyekuwa bado ana aibu, akaja akaligusa jani kwa ncha ya kidole akasema, "Mashallah."

Lakini ua? Hakuna.

Mwanne akachanganyikiwa. Alilipa majivu: majani. Alilipa maji ya kuoshea mchele: majani. Aliligeuza upande huu, akaligeuza upande ule. Usiku, chini ya taa yake, alilisema kwa upole. Asubuhi alilisema kwa ukali. "Nimekukosea nini? Nakulisha, nakuogesha jua, nakuwashia taa usiogope giza, na wewe unaniangalia tu?" Mrisho kitandani anasikia, anacheka, kicheko kinageuka kikohozi, kikohozi kinamkunja. Mvua zile zikapita kwa taabu, mara mbili tulimbeba. Kukabaki kiangazi kimoja tu, na Mwanne alikuwa akihesabu miezi kwa vidole akiwa anafua.

Katikati ya kiangazi hicho habari ikaja kutoka Urambo: mama yake Mwanne ameanguka kisimani, nyonga imevunjika. Mwanne hana dada, hana mdogo. Ni lazima aende, na si kwa siku mbili.

Ua amwachie nani? Kwa Nyamizi akaogopa kopo la udhu. Kwa Bi Zamoyoni, macho ya mama yalikuwa yameanza ukungu. Akabaki Siwema.

"Sikiliza, Siwema. Alfajiri unalitoa. Jua likizama, si kabla, unaliingiza chumbani kwangu, kwenye taa. Siku ya kumi, kidole. Kikavu, kijiko kimoja. Unarudia?"

"Alfajiri natoa, magharibi naingiza, kidole, kijiko. Dada, hata mtoto hanyonyeshwi kwa ratiba hii."

"Ni kile chumba cha mbele, Siwema. Ni kifua cha kaka yako Mrisho."

Siwema akaacha mzaha. "Nenda, dada. Nitalitunza."

Akaenda. Akakaa wiki sita na siku mbili.

Na huku nyuma? Palikuwa na beberu. Beberu wa jirani yao, Mzee Kalimanzila, mnyama asiye na adabu, aliyekwisha kula kanga mbili za watu, ukurasa wa gazeti langu na tandiko la baiskeli ya mteja. Siku ya pili tu Siwema alimkuta uani ameshalivua ua jani moja, analitafuna huku akimtazama usoni. Siwema akampiga kwa mwiko. Akajua: nikienda stesheni, huyu atarudi. Na chumbani kwa Mwanne mlango hauna komeo. Pahali penye komeo ni pamoja tu, stoo ya mahindi. Haina dirisha. Giza lake unaweza kulikata kwa kisu.

Basi kila siku saa kumi jioni, kabla ya kubeba kuku na mihogo yake, Siwema akaliingiza ua stoo, akapiga komeo. Akaenda stesheni. Garimoshi halina adabu ya saa. Akarudi watu wamelala. Na kuamka? Hapo sasa. Usingizi wa Siwema ulikuwa usingizi wa tajiri. Alfajiri watu wanaswali, yeye anakoroma. Jua linachomoza, anakoroma. Mkoromo wake niliusikia mimi kutoka ng'ambo ya barabara, nikadhani mteja kaja na pikipiki. Saa tatu asubuhi ndipo anajikokota, anafungua komeo, analitoa ua. Saa kumi ndani, saa tatu nje. Saa kumi ndani, saa tatu nje. Kidole alikisahau, kijiko nacho hakikugusa sufuria wiki zote sita. Wiki sita ua lile liliona jua saa saba kwa siku, na saa zote zilizobaki lilikaa kaburini na panya.

Mwanne akarudi. Hakuvua hata viatu, akaenda uani. Akasimama. Ua lilikuwa limekonda. Majani yamefanya mikunjo, pembeni yamekuwa mekundu kama macho ya mlevi.

"Siwema! Umelifanya nini?"

"Liko hai, dada. Si liko hai?"

"Ulikuwa ukilitoa saa ngapi?"

Siwema akatazama kidole chake cha mguu. "Asubuhi."

"Asubuhi ya saa ngapi?"

Nyamizi kutoka jikoni akajibu kwa niaba yake. "Asubuhi ya watu kupika chakula cha mchana. Na lilikuwa likilala stoo, kwenye giza, tangu alasiri. Mimi nilinyamaza. Si zamu yangu. Mara ya mwisho niliposhika zamu mlinicheka."

Mwanne akainama alitazame vizuri, ndipo akaona balaa jingine. Kwenye kila ncha ya tawi palikuwa na vijidude, vingi, vidogo kama punje za ulezi, vimeshikana. Upele! Limeota upele! Akanyoosha ukucha wa dole gumba auparue.

"Shika mkono wako hapo hapo!"

Ilikuwa sauti ya Bi Zamoyoni. Alikuja bila fimbo, macho yake na ukungu wake, akainama mpaka pua ikagusa majani. Akavipapasa vile vijidude kwa midomo, kama mtu anayebusu mtoto aliyelala.

"Lilikuwa hivihivi," akasema. "Ndani ya kopo, kabla halijapanda behewa. Baba yenu alinisimulia: lilianza na upele."

Tangu siku ile nyumba nzima ikawa inatembea kwa ncha za vidole. Beberu wa Mzee Kalimanzila alifungwa kamba kwa amri ya mtaa. Punje zikawa choroko. Choroko zikapasuka midomo. Na siku ya Ijumaa, mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, watu wanatoka msikitini, ua likafunguka. Jekundu. Matawi tisa, vishada tisa. Mimi niliacha gurudumu la mtu hewani nikakimbia kutazama, na halikuwa langu hata jani.

Bi Zamoyoni akatandika mkeka uani, ua katikati. Wake watatu, wana watatu, Mzee Kalimanzila, na mimi mlangoni. Akafungua pindo la kanga, ufunguo akaulaza kiganjani.

"Limechanua. Nani kalichanuisha? Semeni."

Mwanne akaanza, kwa sababu alidhani hakuna wa kushindana naye.

"Mama, lilikufa, nikalifufua. Nilikata mzima kwenye mbovu, nikakausha jeraha, watu wakanicheka. Nilichota mchanga mtoni kwa mikono yangu. Mwaka na nusu nimelipimia kijiko. Kila jani unaloliona hapo lilipita mkononi mwangu. Ua bila shina linakaa wapi? Na Mrisho unamsikia. Ufunguo ni wangu, Mama."

Siwema akajisogeza mbele.

"Dada Mwanne, nakuheshimu. Lakini uliishi nalo mwaka na nusu, likakupa nini? Majani. Mimi nimekaa nalo wiki sita, likatoa maua. Nililiokoa kwenye meno ya beberu, mwiko umevunjika, ushahidi uko jikoni. Nililiweka gizani likapumzika. Wewe ulikuwa unaliwashia taa. Hata mtu ukimwashia taa usiku kucha, atazaa nini? Ungebaki hapa, lingekuwa na majani mpaka leo. Ufunguo ni wangu, Mama."

"Ulikuwa umelala!" akasema Mwanne.

"Nililala, sikulala, ua limechanua kwa nani?"

Mwanne akaligeukia ua, akalitazama. Kwa sababu alijua. Usiku uleule wa siku aliyorudi, alikuwa amelifikiri hilo kitandani, Mrisho akikoroma kifua pembeni yake. Kama asingesafiri? Ile taa yake, yale mapenzi yake, ndiyo yaliyolizuia? Mtu anaweza kuzuia kitu kwa kukipenda? Kichwa kilimzunguka wakati ule, na pale mkekani kikamzunguka tena.

Nyamizi akakohoa kidogo. Watu wote walikuwa wamemsahau.

"Mama, na mimi nina neno. Ua la zamani lilisusa miaka saba. Lingekuwepo hadi leo, lingesusa hadi leo. Nani aliliondoa? Mimi. Lisingeoza, lisingekatwa. Lisingekatwa, hili lisingekuwepo. Na kile kipande alichokata Mwanne, kilikunywa maji gani kabla? Maji ya udhu, miezi mitatu. Na limefunguka siku gani? Ijumaa. Sala ikitoka. Na zaidi ya hayo," hapo akamgeukia Mwanne, "wewe ulikuwa unapita dirishani unaniona. Ulijua maji yamezidi. Uliwahi kuniambia?"

Mwanne akainamisha macho. "Ilikuwa zamu yako, dada."

"Basi kosa la kuoza tugawane. Na kama kosa tunagawana, thawabu kwa nini usigawane nami? Watoto sita, Mama. Ufunguo ni wangu."

Uani pakawa kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Huyu anasema shina, yule anasema giza, yule anasema baraka. Mzee Kalimanzila akanyanyua mkono. "Samahani, kama giza ndilo lililolichanuisha, aliyelipeleka gizani ni beberu wangu."

"Basi apewe chumba beberu," nikasema mimi. Watu wakacheka. Mwanne hakucheka.

Mrisho alikuwa ameegemea nguzo. Akasema kwa kukatakata, pumzi moja neno moja, "Mama. Mpe. Yeyote. Wasigombane."

Bi Zamoyoni akanyoosha mkono wenye ufunguo kwa Mwanne. Mkono ukafika katikati, ukasita. Ukaenda kwa Siwema. Ukasita. Ukamgeukia Nyamizi, ukarudi kifuani. Akautazama ufunguo kama mtu asiyejua umefikaje mkononi mwake. Hakuwa na kiapo kingine cha kumwondoa kwenye kiapo cha kwanza.

"Nilidhani ua litachagua," akasema. "Kumbe limewachagua wote, au halikumchagua mtu. Sijui. Mimi sijui, wanangu. Maua haya hukaa mwezi na nusu. Kabla ua la mwisho halijadondoka nitautoa. Kaniulizieni watu wenye akili."

Akaufunga tena kwenye pindo. Upande wa Urambo wingu lilikuwa limeshakaa, jeusi, na upepo wenye harufu ya udongo ulipita uani ukatikisa vile vishada tisa. Mrisho akakohoa. Mwanne akanyanyua sufuria lake, akasimama nalo katikati ya uani. Chumba cha mbele kimefungwa. Stoo ina giza. Dirishani kwa Nyamizi pana kopo la udhu. Hakujua alipeleke wapi.

Ndivyo mkasa ulivyonifikia mimi, na mimi nimewaletea nyinyi, kwa kuwa mnasema mna akili. Yule aliyeliozesha akalipa njia? Yule aliyelifufua akalizuia? Au yule aliyelisahau likachanua?

Ila ngojeni, msijibu bado. Kuna jambo moja linaniwasha. Yote niliyaona, hilo sirudi nyuma. Komeo la stoo nililisikia likifunguka saa tatu kila siku, kweli tupu. Lakini ule mkoromo sikuusikia. Mkoromo nimeutia mimi; hadithi ilikuwa inapoa. Nyuma ya mlango ule Siwema alikuwa amelala, au alikuwa ameketi macho anahesabu saa, binti wa mtunza bustani, akijua fika anachokifanya? Hata kijiko alikisahau, au alikiacha? Mimi sijui. Nimewahi kumuuliza, akanipa bawa la kuku, akacheka.

Haya, hesabuni upya, bila mkoromo. Wingu lile halingoji. Je, nani alistahili?